Maisha ya Kaka Yetu, Mnusaji wa Gesi

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu katika kituo cha gesi, mimi ni mdogo wake wa kumfuata, na familia imenituma nisome karatasi hizi tatu, ambazo sehemu kubwa aliiandika mwenyewe, sisi tumeigeuza tu iwe kwa kauli yetu na kuongeza tarehe za mwisho.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa baba yetu mfua vyuma na mama yetu mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, sekondari hadi 1975, kisha chuo cha ufundi, alikopata cheti cha kuchomelea na kufunga mabomba, Novemba 1978.

Tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa na kampuni iliyokuwa ikitafuta mafuta, na mwaka 1982 kisima walichokichimba kikatoa gesi, jambo lililowasikitisha wakubwa, kwa sababu mafuta hupakiwa yakauzwa popote, lakini gesi inataka bomba, na bomba linataka mnunuzi wa mkataba wa miaka ishirini, naye hakuwepo. Kisima kikafungwa, wenzake wakaondoka, yeye akaachwa kusoma geji ya presha kila Jumatatu, akiandika namba ileile daftarini kwa miaka ishirini na miwili.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984 na shemeji yetu, aliyekuwa karani wa posta, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume, na ndugu za mkewe hawakuacha kumtania kwamba wamemwoza dada yao kwa mlinzi wa upepo, naye akiwajibu, "Upepo huu una presha mia mbili na kumi, nyinyi mna ngapi?"

Mwaka 2004 bomba lilijengwa hatimaye, viwanda vilivyochoma mafuta mazito vikahamia gesi, ikafuata nyumba ya kuoka mikate na nyumba arobaini na moja za mtaa wa jirani, na kaka yetu akahamishiwa kituo cha kupokelea gesi, upande wa dawa ya harufu. Wengi hatukujua kwamba gesi itokayo ardhini haina harufu, ile ya yai viza tunayoisikia hutiwa makusudi, tone kwa tone, ili ikivuja mtu aisikie kabla ya kuwasha moto, na kila siku saa moja asubuhi mtu mmoja hufungua bomba dogo mwishoni mwa laini, hunusa, kisha hutia sahihi. Mtu huyo alikuwa yeye, ndiyo maana kazini mlimwita Mzee Pua.

Sehemu inayofuata ilitukalisha kikao jana, binti yake mkubwa akaniambia, "Baba mdogo, hiyo iruke, watu wamekuja kuzika, hawakuja kusikiliza kesi," lakini shemeji alisema kwamba mwenye maisha ndiye aliyeandika, isomwe yote.

Machi 2016 alishikwa na mafua makali, akapona, ila pua haikurudi, hakusikia harufu ya vitunguu vikiungua jikoni wala ya sabuni mkononi, na kazini hakumwambia mtu, kwa sababu alibakiza mwaka mmoja kustaafu na kituo kilikuwa kikipunguza watu, presha ya kisima ikiwa imeshuka chini ya nusu, na viwanda viwili vikiwa vimeshahamia umeme wa jua. Kwa miezi mitano alitia sahihi kwa kuangalia namba ya pampu, akijiambia kwamba pampu ikisukuma, harufu ipo. Tarehe 9 Agosti pampu iliziba, namba ikabaki ileile ya kila siku kana kwamba inasukuma, gesi ikaenda mtaani siku mbili bila harufu, na tarehe 11 mwoka mikate, ambaye mpira wa jiko lake ulikuwa umepasuka, aliwasha kiberiti, akaungua mikono yote miwili na upande mmoja wa uso.

Kampuni iliona kosa ni la pampu, fundi wa pampu, mama wa watoto wawili, akasimamishwa kazi, na kaka yetu hakuulizwa lolote, kwa kuwa sahihi zake zilikuwa kamili. Alikaa kimya siku kumi na tisa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, yeye akatangulia kujiumbua mwenyewe, tarehe 30 Agosti, kwa barua ambayo nakala yake tunayo, inayosema, "Nimetia sahihi zaidi ya mara mia kwa pua isiyofanya kazi, pampu iliziba, lakini wa kugundua nilikuwa mimi, mrudisheni fundi."

Fundi alirudishwa baada ya wiki mbili, yeye akaachishwa kazi, na tangu hapo kituoni wananusa watu wawili, tena pua zao hupimwa kila miezi mitatu. Alikwenda pia kwa mwoka mikate, aliyemsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mzee, nimekusikia, lakini usirudi hapa," naye hakurudi.

Februari 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa mwaka mzima na zaidi, na tarehe 3 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifariki akiwa hospitali, mkewe akiwa kando yake. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotupikia tangu Jumatatu, na wafanyakazi wa kituo, hasa fundi wa pampu, aliyekuja hospitali kila Jumamosi bila kuitwa. Mwoka mikate tulimpelekea taarifa, hakuja, na hatumlaumu.

Kaka, ulitaka isomwe, nimeisoma yote mbele yao, sasa pumzika kwa amani.