Walivyonikimbiza na Mabeleshi Hadi Mto Buluo

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, hiyo sauti ni ya watu waliokaa sana. Naijua, ilikuwa yangu. Haya, tena: Bwana asifiwe!

Wengi mnanijua. Mimi ni Papa Kasongo, shemasi wenu, mwenye duka la mabeleshi, masururu na magunia pale Kikula. Mchimbaji gani wa Likasi hii ameenda kutafuta shaba Kambove bila kupita kwangu? Na mlioniona dukani mnakijua pia kiti changu, kile cha mbao chenye mikono. Kilikuwa cha kaka yangu Fostini. Siku moja adhuhuri mteja alimwomba gunia, akawa hajibu. Tension, presha ya damu, ilikuwa imempasua palepale alipokaa. Tulimzika, tukalia, na wiki iliyofuata mimi nikaingia dukani nikakikalia kiti.

Miaka tisa nilikikalia, ndugu zangu! Ugali wa bukari mchana, bukari jioni, samaki wa chumvi, na ngazi moja tu ya kupanda, ile ya kanisa. Tumbo likatangulia, mimi nikafuata. Watu wakaanza kuniita "PDG", bosi mkubwa, barabarani, na mimi nikaitika. Nilidhani ni baraka.

Hadi siku mama muuguzi wa kituo chetu cha afya alipofunga ule mpira wake mkononi mwangu. Akapima, akapima tena, akaufungua mpira. Kisha akasema: "Papa Kasongo, hii tension njo ile ilimukamataka yaya yako Fostini. Dawa nitakupatia, lakini ukibakia tu mu kiti, utakufwa. Ukimbie lubilo kila asubuyi. Kisha mwezi moja urudie nikupime."

Nilitoka pale nikarudi dukani. Niliogopa, nasema wazi. Nilikiona kile kiti, nikamwona Fostini ndani yake.

Basi nikaanza. Mke wangu, Mama Vero, alinishonea kaptula, maana sokoni haikupatikana ya kunienea. Lakini shemasi na tumbo lake kuonekana kwa kaptula! Niliona aibu, nikavaa koti refu juu, nikatoka mapema kabla Kikula haijaamka vizuri.

Ndugu zangu, nimezaliwa Likasi na nilikuwa sijaiona. Unavuka reli, unateremka katikati ya mikaratusi, baridi ya Juni inakuuma masikio, na pale chini Buluo inafuka ukungu kama sufuria ya mtu mkarimu. Kisha njia inafuata mto. Kuna bustani za viazi vitamu na mihogo pande zote, vichuguu vyekundu virefu kuliko nyumba yangu, ndege wa bluu anayepiga mbizi, na vilima nyuma vinavyoanza kupata jua. Mwisho kuna daraja la miti, unageuka, unarudi. Siku ya kwanza nilisimama nikamshukuru Mungu kwa uzuri ule. Nilisimama sana, maana pumzi ilikuwa imekwisha.

Na hapo ndipo shetani aliponingojea, na sahani mkononi. Katikati ya njia, kando ya bustani yake, Mama Kalonda anakaanga vitumbua. Mnamfahamu, mjane wa benchi la tatu, mwenye watoto wanne. Asubuhi wanapita wakulima, wananunua. Mimi nilikaa juu ya jiwe lake nikala sita. Siku ya pili nane. Kuanzia hapo, ndugu zangu, nilikimbia hadi mikaratusi inifiche, kisha nikatembea taratibu hadi kwenye jiwe. Nikishiba, nilijimwagia maji ya Buluo kifuani na usoni, nikarudi nyumbani nahema. Mama Vero alipoona jasho lile alimsifu Bwana! Alinichemshia maji ya kuoga kila siku. Jasho la mto!

Dhamiri ikanisumbua. Siku moja nikirudi nilimchumia Mama Vero maua, yale madogo ya zambarau yanayoota kando ya barabara, pale malori ya madini yanapomwaga vumbi. Nikayachomeka kwenye kofia, nikaingia Kikula kama bwana harusi.

Nani nakutana naye? Kabwe, kiongozi wa kikosi cha wachimbaji, mteja wangu. Kabwe hakuniangalia uso. Aliangalia kofia. Ninyi wa kazi hiyo mnajua: ua lile linapenda udongo wa shaba, na mchimbaji akiliona anauliza limeota wapi kabla ya kukusalimia.

"Papa, hii maua ulitosha wapi?"

Ningeweza kusema: barabarani, kwenye vumbi la malori. Ningeweza kusema: mimi ni mgonjwa, natafuta uzima. Lakini kiburi! Nilifunga koti vizuri, nikatabasamu, nikajibu: "Aa, Kabwe. Tuombeane tu."

Kufika saa sita duka lilijaa. Wote walitaka mabeleshi. Habari ilikuwa imezunguka kwamba Papa Kasongo amepata filon, mshipa mzima wa shaba, ndiyo maana anatoka alfajiri amejificha ndani ya koti. Nami nilijua, ndugu zangu. Nilijua wanachofikiri, nikawauzia. Hadi jioni ukuta wa duka ulikuwa mtupu. Hapo ndipo dhambi yangu ilipo, wala sitaificha nyuma ya tumbo.

Kesho yake sikutoka, nilikaa kitini nikifurahia ukuta mtupu. Keshokutwa yake nikateremka mtoni kwa ajili ya vitumbua vyangu.

Bustani haikuwepo.

Wachimbaji walikuwa wamefuata nyayo zangu hadi kwenye jiwe, wakaona jinsi lilivyolainika, wakasema hapa ndipo Papa anapokaa kulinda mali. Mashimo kila mahali, majani ya viazi yametupwa, na ndani ya mashimo kichwa cha Kabwe kinapanda na kushuka. Mama Kalonda alikuwa amekaa juu ya karai lake lililopinduliwa. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Papa diacre, shemasi wetu, banasema weye njo ulibaonesha fwasi ya kuchimba. Minye niko na hii bustani moja tu. Sasa batoto batakula nini?"

Nililia, ndugu zangu. Mimi mwenye kupitisha kikapu cha sadaka, nililia mbele ya mjane kwa sababu ya mabeleshi niliyouza kwa mkono wangu.

Nikapaza sauti: "Kabwe, simama! Hapa hapana kitu! Huwa ninakuja kula vitumbua!"

Wakacheka hadi masururu yakaanguka. Mmoja akasema: "Papa anatufukuza ju abakie na filon ye moja." Nikavua koti, nikaonyesha kaptula, nikasema nina tension, nimeambiwa nikimbie. Wakacheka zaidi.

Kabwe akatoka shimoni, akajifuta mikono. "Muzuri. Kama unakimbiaka kweli, kimbia. Fika ku daraja, rudia mpaka Kikula. Shiye tuko nyuma. Lakini kwenye utasimama, Papa, pale njo tutachimba."

Mnaelewa, ndugu zangu? Njia nzima ya Buluo ni bustani za watu! Nikisimama kwa mihogo, mihogo imekwisha. Nikipumzika kwa maharagwe, kuna familia italala njaa. Nikamtazama Mama Kalonda. Nikakimbia.

Nyuma yangu watu kumi na wanane na mabeleshi! Vyuma vinagongana, vumbi linapanda. Kamba ya kiatu ikafunguka, nikainama kidogo tu, nikasikia sururu linainuliwa! Nikaendelea na kiatu kinapiga makofi. Kwenye vichuguu pumzi ilikatika. Na mapaja yangu yakachagua kugoma wapi? Kando ya shamba la kanisa! Mahindi yenu, ndugu zangu! Nilipiga kelele: "Yesu, si hapa!" Sikuwahi kuomba hivyo hata siku ya ubatizo. Na pumzi ikaja! Sijui ilitoka wapi, ikaja. Nikafika darajani, nikageuka. Nikapita mikaratusi na kuvuka reli, na akina mama sokoni wakasimama juu ya meza zao kuniangalia.

Nilisimama mahali pamoja tu nilipokuwa na haki ya kusimama: mlangoni pa duka langu. Nikaanguka magoti, nikaonyesha sakafu, nikasema: "Chimbeni hapa."

Walikuwa wanahema kuliko mimi. Kabwe aliketi chini, akaniangalia muda mrefu, nyama zangu zinatetemeka, jasho la kweli linatiririka. Akawageukia wenzake: "Batu, filon haiko. Huyu muntu iko na tension tu."

Pale pale nikaungama yote: maua, tabasamu, ukuta mtupu, na lile jasho la Buluo. Mama Vero alikuwa mlangoni, akasikia. Maji ya kuoga sikuyaona wiki mbili, na nilistahili. Siku ile ile tulirudi wote mtoni. Tulifukia, tukapanda upya yale majani, na Mungu ni mwema, viazi vitamu havina kinyongo. Sasa vimefunika udongo. Shimo moja Mama Kalonda alisema lisifukiwe, maji ya mto yaliingia, akaweka samaki. Anawakaanga karibu kabisa na njia. Mniombee.

Mwezi ulipofika nikarudi kwa muuguzi. Akapima, akapima tena, akaufungua mpira. Kisha akacheka! Tension imeteremka! Dawa nameza bado, msije mkatupa zenu. Lakini nimesimama mbele yenu ninapumua, na watoto wangu wana baba. Asante Yesu! Namshukuru Mama Kalonda aliyenisamehe. Namshukuru Kabwe na kikosi chake, maana wanakimbia nami kila asubuhi hadi leo. Wawili kati yao bado wanaamini nina filon, na hao ndio wanaonisaidia kuliko wote, maana hawakubali nisimame.

Na wewe unayenisikiliza, unayeogopa kupimwa, unayeficha ugonjwa ndani ya koti: mwamini Mungu, vua koti, njoo. Tunaanzia kwenye reli jua likichomoza, tunafuata mto. Ukichoka, tutakushika mkono.

Kiti cha Fostini nimekileta. Kile pale, nyuma ya mlango, wakikalie wazee na wagonjwa. Ila mimi, siku mkiniona nimekikalia tena, ndugu zangu, msinionee huruma. Nikimbizeni. Mabeleshi mnayo, niliwauzia mwenyewe.