Tundu la Tangi na Kifua cha Mtu

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni na apunguze moto kidogo, tukae pamoja. Jioni hii tunamkumbuka Yakobo Shigela, fundi matangi wa Kiseke, hapa Mwanza. Presha ilimchukua wiki iliyopita. Amezikwa kwao Misungwi. Mungu amlaze pema.

Yakobo alitengeneza matangi ya chuma ya viwandani. Pembeni mwa tangi la namna hiyo huwa na tundu lenye mfuniko, ili mtu aingize mikono, au aingie mwili mzima, asafishe. Likumbukeni tundu hilo. Habari yetu imo humo.

Alikuwa mrefu. Mrefu kweli. Mke wake, mama Selina, ametuambia: "Kabati la vyombo alilitundika karibu na dari. Nikilalamika anacheka, 'Mke wangu, nyoosha mkono.' Kila nikitaka kikombe, nilikuwa napanda kigoda."

Kuchomelea alijifunza ujanani. Kusoma michoro alijifunza ukubwani, kwenye masomo ya jioni, katika ukumbi wa kanisa. Alikwenda na ovaroli lake, akakaa mbele, magoti yamebanwa na dawati. Mwalimu alifundisha kwamba tundu la tangi liwe usawa wa kifua cha mtu. Yakobo aliyapenda maneno hayo. Aliyarudia njiani akirudi nyumbani. Kifua cha mtu.

Tangi la kwanza alilolichora mwenyewe lilikuwa la kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya pamba. Siku ya kupima aliomba kwanza. Kisha akasimama wima kando ya bati, akaweka alama ya chaki kifuani kwake. Akakata hapo.

Sasa, waliosafisha matangi kiwandani pale walikuwa wanawake. Kiongozi wao, Sabina, ni mfupi. Tundu lilimfika usoni. Siku moja alipanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, akajinyoosha kukwangua mashapo ya mafuta. Ndoo ikateleza. Akaning'inia kwenye ukingo wa chuma, kichwa ndani, miguu nje. Mwenzake Tereza alimvuta huku akipiga yowe. Sabina alivunjika mfupa wa bega.

Yakobo aliitwa. Alimkuta mwenye kiwanda, mzee Natvarlal, ameshaamua.

"Fundi, tangi zuri. Lakini hawa akina mama hawalifikii. Nitaweka vijana warefu."

Hakusema kwa ubaya. Aliogopa mwingine asije akaumia. Lakini hapo ndipo kazi ya Sabina na wenzake ilikuwa inaondoka.

Sabina mwenyewe alikuwapo, mkono umefungwa shingoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, dada. Pole sana."

"Nimeshapoa. Tundu ulilipima kwa nani?"

"Nilifundishwa liwe usawa wa kifua cha mtu."

"Na mimi si mtu?"

Tereza akadakia, "Labda fundi alidhani tangi linasafishwa na twiga!"

Watu wakacheka. Yakobo hakucheka.

Mama Selina anaikumbuka jioni ile. "Alipiga magoti muda mrefu. Aliponyanyuka hakuulizia chakula. Alichukua bisibisi, akashusha kabati la vyombo. Nikajua leo kuna jambo."

Kesho yake alirudi kiwandani. "Bosi, usibadilishe watu. Niache nibadilishe tangi."

Natvarlal alinung'unika, kisha akakubali. Tangi likaoshwa, likakaushwa. Yakobo akaliziba tundu lile kwa bati. Akamwomba Sabina asimame pale, akaweka alama usawa wa kifua chake, akakata tundu jingine hapo chini. Wanawake wale walibaki kazini. Kiraka kipo mpaka leo. Na tangu siku hiyo, mteja akimletea kazi, kabla hajagusa futi, Yakobo aliuliza, "Mtu yupi?"

Wasikilizaji wapendwa, ameacha tangi moja ambalo halijakatwa. Ni la kiwanda kile kile. Duara la chaki alikuwa ameshalichora, kwa mkono wake. Baada ya mazishi Sabina alikwenda kwenye karakana ya Yakobo, pamoja na binti yake Winnie. Akasimama kando ya tangi. Duara lilimfika kifuani sawasawa. Yakobo alikuwa bado anakikumbuka kimo chake.

Fundi Shimba, aliyefanya kazi naye miaka mingi, akasema kwa sauti ya chini, "Hii ndiyo alama yake ya mwisho. Tukate hapa hapa."

Sabina akamtazama. "Mbona hujauliza?"

"Niulize nini?"

"Mtu yupi? Mimi bega limechoka, nimeacha. Siku hizi anayeingia ni Winnie."

Winnie akasimama pale. Amemzidi mama yake kimo. Duara lilikuwa tumboni. Shimba akalifuta kwa mkono wa shati lake. Akachora jingine.

Mama Selina, watoto na ndugu wote wa Misungwi, poleni sana. Bwana awatie nguvu. Nasi tuliobaki, tunapotundika au kujenga chochote, tumwite kwanza atakayekitumia. Asimame pale. Ndipo tushike chaki.