Kiu ya Yotham wa Miyuji

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni na ateremshe sufuria, aliye dukani na asogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Yotham Ndahani. Yotham Ndahani, mkimbiaji wa mbio ndefu, fundi ujenzi, mume wa Yudith, mkazi wa Miyuji hapa Dodoma. Alifariki Novemba iliyopita, siku ya mazoezi, akiwa bado kijana.

Mmesikia mengi kuhusu kifo hicho. Mmesikia kwamba alikuwa na moyo mbovu. Mmesikia kwamba ni mkono wa mtu. Mmesikia pia, na hili lilisemwa kwa kipaza sauti, kwamba alikufa shujaa. Mkewe Yudith amekubali tusimulie habari za mumewe kwa sharti moja.

"Msimpambe," alisema. "Mlimpamba alipokuwa hai, mkaona kilichotokea."

Basi leo hatutampamba.

Yotham alizaliwa Mlali, wilayani Kongwa, nyumbani kwa mzee Stanley Ndahani, mkulima wa alizeti na karanga. Mzee Stanley anasema mwanawe hakujua kutembea. Akitumwa dukani, anakimbia. Akipelekwa machungani, anakimbia, na ng'ombe wanarudi jioni wamekonda kuliko walivyoondoka. Mzee hucheka akisema hayo. 

Alikuja mjini kutafuta kazi za ujenzi, na Dodoma siku hizi haikosi mahali pa kupanga tofali. Jioni, akishuka kwenye jukwaa la ujenzi, alikuwa anavua buti, anavaa raba, anaingia barabarani. Yudith ana cherehani yake barazani pale Miyuji. Alimwona akipita kila siku, hadi jioni moja akasimama.

"Alisema kamba ya raba imefunguka," anakumbuka Yudith. "Niliiangalia ile kamba. Ilikuwa imefungwa vizuri tu. Nikajua huyu ana lake."

Walioana, wakapata binti, Anitha. Yotham akawa Baba Anitha, Yudith akawa Mama Anitha. Maisha yalikuwa ya kawaida, na yalikuwa mazuri. Kisha Yotham akajiunga na klabu moja ya mbio.

Jina la klabu hiyo hatulitaji. Halistahili. Tutamtaja kocha wake, Nikodemo, kwa sababu bila yeye hadithi hii isingekuwapo. Kocha Nikodemo alikuwa na somo moja tu: maji ni ya wavivu. Somo hilo hakulipata chuoni, wala hakulipata kwa daktari. Alilipata kichwani mwake mwenyewe, na humo kichwani hamkuwa na kitu kingine cha kulisumbua.

Kila Jumamosi, jua likiwa utosini, aliwapanga vijana kwenye barabara ya vumbi upande wa Mkonze. Wao walikimbia. Yeye alifuata kwa gari, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinavuma, soda baridi mkononi. Akishusha kioo, ujue anataka kutukana. Aliyekutwa na chupa ya maji alinyang'anywa, na maji yakamwagwa chini mbele ya wenzake. Maji, wasikilizaji wapendwa. Dodoma hii hii. Mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua, akina mama wanapanga foleni ya ndoo, na mtu mzima mwenye ndevu anamwaga maji kwenye vumbi ili aonekane mkali.

Sasa tuseme na lile gumu, kama Yudith alivyotaka. Yotham alilipenda somo hilo. Alikuwa mwanafunzi wake bora. Rafiki yake Gerson, ambaye walikuwa wakifanya kazi pamoja kwenye jengo moja, siku moja alikazwa na misuli ya miguu, akakaa kivulini na kuomba maji kwa mpita njia. Yotham alimpita akicheka.

"Gerson, umerudi chekechea? Kaa hapo usubiri uji."

Wote wakacheka. Kocha akapiga honi kwa furaha. Gerson akainuka bila kunywa.

Nyumbani, Yudith aliona yale ambayo kocha hakuyaona. Alimwona mumewe akirudi midomo imepasuka, kichwa kinamgonga, mkojo rangi ya chai ya rangi. Alimwambia, "Baba Anitha, kunywa maji kabla hujatoka, na mengine ubebe. Usingoje kiu."

Yotham alimjibu, "Mama Anitha, wewe shona."

Mwezi wa kumi, Yotham alikanyaga jiwe vibaya, kifundo cha mguu kikateguka. Kilivimba kama kitunguu. Tabibu wa zahanati alimwambia jambo ambalo hata mtoto angelielewa: pumzika, weka barafu, funga bandeji, nyanyua mguu ukilala, usikimbie mpaka maumivu yaishe. Yudith akanunua barafu dukani, akaifunga kwenye kitambaa, akamkanda asubuhi na jioni. Uvimbe ukaanza kushuka.

Hapo kocha Nikodemo akaja kumjulia hali. Hakuuliza mgonjwa ameamkaje. Aliifungua ile bandeji, akaitupa kando, akamwaga dawa ya kuchua, akaanza kuukamua ule mguu kama anayekamua nguo. Yotham aliuma shuka. Kocha akasema, "Mguu unauma kwa sababu unaupa nafasi ya kuuma." Akasema Jumamosi anachagua timu ya nusu marathoni. Asiyekuja asahau.

Yudith alisimama mlangoni. "Kocha, tabibu amesema apumzike."

"Huyo tabibu amewahi kushinda mbio gani?"

Yudith anasema kocha mwenyewe hakuwa ameshinda hata moja. Alitaka kumwambia. Akamtazama mumewe, akaona amekwisha kuinamisha kichwa, akarudi kwenye cherehani yake.

Jumamosi ikafika. Yotham alikwenda. Alikwenda na mguu mbovu, bila maji, saa za jua kali. Yeye aliyezoea kuwa mbele sasa alikuwa nyuma, anachechemea, mguu mmoja unafanya kazi ya miwili. Njia waliyoimaliza karibu wenzake wote yeye alikuwa bado yumo, na jua lilikuwa juu yake.

Yudith alipigiwa simu akiwa anashona sare ya shule: mumewe ameanguka barabarani. Alipofika hospitali, alimshika mumewe mkono, akashtuka. Mwili ulikuwa unawaka. Ngozi ilikuwa kavu, haina hata chembe ya jasho. Wauguzi walimlowesha maji, wakampepea, wakamwekea dripu. Mmoja akauliza, "Alikunywa maji lini?" Kocha Nikodemo, aliyekuwa amesimama ukutani na kofia yake pana, akajibu kwamba kijana alikuwa mzima kabisa, ameanguka ghafla.

Kabla ya jua kuzama, Yotham Ndahani alifariki.

Walimzika Mlali. Watu walikuja wengi, mafundi, wanakwaya, wakimbiaji. Kocha alikuja na fulana mpya yenye picha ya Yotham kifuani, na chini ya picha maneno: Jasiri Mpaka Mwisho. Msiba hata haujapoa, mtu amekwisha kwenda kuchapisha fulana. Akaomba kusema machache, akapewa kipaza sauti.

"Nimefundisha vijana wengi," alisema. "Yotham peke yake hakuwahi kuomba maji. Mpaka pumzi ya mwisho hakuomba hata tone. Amekufa shujaa."

Baadhi ya watu walianza kupiga makofi. Gerson alikuwa kando ya kaburi pamoja na vijana waliochimba, koleo bado mkononi.

"Aliomba," alisema.

Hakupaza sauti. Kocha akaendelea kuongea. Gerson akarudia.

"Aliomba, kocha. Aliomba mara mbili. Alikugongea kioo."

Kocha akasema hapa si mahali pake. Mzee Stanley, aliyekuwa ameketi tangu asubuhi, akainua mkono. "Ni mahali pake. Mwanangu yumo humo chini. Sema, Gerson."

Gerson akasema. Alisema Yotham alikuwa ameacha kutoka jasho. Alikuwa anayumba, anaongea Kigogo peke yake, anamwita mama yake aliyekwisha kufariki. Aligonga kioo cha gari mara ya kwanza, akasema, naomba maji. Kioo kikashuka kidogo, akaambiwa amebakiza kidogo. Aligonga mara ya pili. Safari hii hakuweza kusema. Alionyesha kwa kidole ile chupa ya soda. Kioo kikapanda.

Yudith akauliza, "Na wewe, Gerson, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hatua chache mbele yake, shemeji. Niligeuka nikamwona. Nikacheka. Nikamrudishia maneno yake ya chekechea."

Akaketi chini kwenye udongo wa kaburi, akajifunika uso.

Yudith alimwacha pale. Hakumlaani kocha. Alimwendea polepole, akasimama mbele yake, akaitazama ile picha kifuani.

"Vua hiyo fulana," alisema.

Kocha Nikodemo alitazama kulia na kushoto, akitafuta mtu wa kumtetea. Hakumpata. Akavua. Yudith akaipokea, akaikunja vizuri kama anavyokunja nguo za wateja wake, picha ikiwa ndani. Kocha akabaki na singlendi, tumbo limetangulia, jua likimpiga mgongoni. Ndivyo alivyokwenda kwenye gari lake. Hakuna aliyemsindikiza.

Gerson ametoa maelezo yake polisi, na hilo tunawaachia wenye kazi yao. Klabu imesambaratika. Vijana waliobaki huanza kukimbia kabla ya mapambazuko. Maji yanawekwa njiani, na mwenye mguu unaouma anabaki nyumbani bila kusemwa. Gerson hupita Miyuji kumjulia hali shemeji yake. Yudith hajamwambia kwamba amemsamehe, na hajamwambia asije. Akifika, anampa kiti.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wanaotusikia, tunampa pole mzee Stanley kule Mlali. Pole sana Yudith. Pole mtoto Anitha, ambaye bado hukimbilia barazani akisikia kishindo cha raba jioni. Mungu awatie nguvu.

Nanyi mnaobaki, tafakarini. Kunywa maji kabla ya kiu. Jeraha lipe muda wake. Mwenzako akiacha kutoka jasho, akaanza kuyumba na kuongea ovyo, mpeleke kivulini, mloweshe maji, mkimbize hospitali, na fanya hivyo mara moja. Hayo si mafumbo. Kilichomwua Yotham hakikuwa siri wala uchawi. Ni upuuzi wa mtu mmoja, ukashangiliwa na wengi, marehemu mwenyewe akiwamo.

Kesho ni Jumamosi. Vijana watakuwa barabarani. Ukimwona mmoja amelemewa, usimpigie makofi. Simama naye.