Liberatus Nyenza, Mkalimani Aliyeitwa Msaliti

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo wa Nyenza naomba mtusikilize, hata ninyi mliobaki kule barabarani.

Marehemu Liberatus alizaliwa hapa Kihesa tarehe 4 Machi 1921, akasoma shule ya misheni Tosamaganga hadi darasa la sita, na mwaka 1941 akaajiriwa bomani kuwa mkalimani wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kazi aliyoifanya mpaka alipougua. Tarehe 16 Juni 1945 alifunga ndoa na Evarista, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Tekla.

Mwaka 1956 Bwana Shauri alimtaka awe anamletea habari za chama chetu cha kudai uhuru, naye akaenda kumweleza Edmund, katibu wa tawi, ambaye alimwambia, "Kubali, kaka, ila utampelekea tunayotaka sisi." Basi askari wakawa wanatumwa kuvizia Ruaha Mbuyuni, njia nyingine kabisa, huku wajumbe wetu wakipita salama kwenda mikutano ya Mbeya, lakini uongo mtupu usingeaminiwa siku zote, ikabidi mara moja apeleke jambo la kweli, na wawili hao wakamtaja Bartholomeo, kaka yake Evarista, kuwa anauza kadi za chama kwa siri, bila mwenyewe kujua kuwa ametajwa, wakidhani atatozwa faini tu. Alifungwa, akatoka gerezani na kifua kibovu, akafariki Januari 1958.

Wakati huo Edmund alikwisha kufa kwa ajali ya lori njia ya Mbeya, na hapakuwa na mwingine aliyeijua siri ile. Liberatus hakuweza kuacha, maana Bwana Shauri angeshtuka na wengi wangekamatwa, na huku nje watu, waliokwisha kusikia kuwa ndiye aliyemtaja Bartholomeo, walikuwa wakitema mate akipita. Alikwenda kwa viongozi wa chama akawaeleza yote, mwenyekiti akamjibu, "Baba Tekla, kazi yako ni kudanganya, sasa leo tutajuaje unamdanganya nani?" Akarudi nyumbani ambako mkewe alikwisha kuhamia chumba cha mtoto, na bomani akaendelea kupeleka uongo wake peke yake, bila kutumwa na mtu.

Aliugua tumbo tangu Mei mwaka huu wa 1959, akalazwa Tosamaganga, na huko akamweleza mkewe yote, kisha akasema, "Mama Tekla, kilio chako nimekuletea mimi, sikuombi uniamini." Alifariki tarehe 9 Oktoba.

Familia haina shahidi wa kuwaletea. Evarista hajasema kama ameamini, ila aliuosha mwili kwa mikono yake, akataka haya yote yasomwe, na la kaka yake lisifichwe.

Tunawashukuru madaktari na masista wa Tosamaganga, majirani wachache waliochimba kaburi, na ninyi wenzake wa bomani, ambao leo mmesikia msilolitarajia. Nanyi mliosimama barabarani, jeneza ni zito na wabebaji hawatoshi.

Liberatus, pumzika sasa, Mungu akupe amani.