Kadi za Jumamosi za Marehemu Scola Kazumba

Baba Paroko, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Katandala, na nyinyi mlioamka alfajiri kuja kutoka Msanzi, Tumsifu Yesu Kristo. Familia imeniteua mimi, Benjamini Kazumba, kaka wa marehemu, kusoma habari za maisha yake, na mnaombwa uvumilivu wenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 10 Februari 1952 katika kijiji cha Msanzi, ambacho sasa kimo katika Wilaya ya Kalambo, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Clemens Kazumba na mama Monika Kisanko, na kwa kuwa siku hiyo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Skolastika, alibatizwa kwa jina hilo, ingawa nyumbani hatukuwahi kumwita vingine ila Scola.

Alianza masomo mwaka 1960 hapo hapo kijijini, akamaliza darasa la saba mwaka 1966 katika shule ya wasichana ya masista, ambako alifundishwa kushona, kuandika kwa mwandiko ulionyooka, na kuamini kwamba kadi isiyo na bahasha ni sawa na mgeni aliyekuja harusini na nguo za shamba. Mwaka 1969 alisomea uchapaji mjini Mbeya, na tarehe 2 Machi 1970 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali hapa Sumbawanga, kazi aliyoifanya bila kuonywa hata mara moja mpaka alipostaafu tarehe 10 Februari 2012.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na bwana Marselino Nkana, dereva, wakajenga Katandala, wakajaliwa watoto wawili, Jane, aliyefariki akiwa mchanga mwaka 1977, na Loth, aliyezaliwa tarehe 21 Aprili 1979, ambaye yuko hapa pamoja na mke wake, wamefika jana kutoka Mtwara. Bwana Marselino alitangulia mbele ya haki tarehe 3 Agosti 1998.

Kadi zake alizianza mwaka 1983, wakati wa uhaba wa bidhaa, pale Cornelia, binti wa mfanyakazi mwenzake, alipopata Kipaimara na mji mzima haukuwa na kadi ya kununua. Scola alichukua vifuniko vya majalada yaliyokuwa yametupwa, akavikata, akashona ukingo kwa nyuzi za sufu, akabandika masuke ya ulezi aliyoyalaza chini ya pasi ya mkaa mpaka yakawa bapa, kwa gundi ya unga wa ngano aliyoipika mwenyewe. Tangu hapo, kila Jumamosi, akishafua na kuanua, alikaa mezani kando ya dirisha na mkasi wake, na kila Jumapili baada ya misa alipeleka kadi palipokuwa na mtoto aliyezaliwa, mgonjwa aliyepona au mtu aliyefiwa, nao walimkaribisha, wakamwekea kiti, akarudi kwake jua likizama.

Loth alipokwenda kuanza kazi Mtwara mwaka 2004, Scola alibaki peke yake, na Jumapili ndiyo ikawa siku yake ya kuongea na watu. Lakini wazee waliozijua kadi zake walikufa mmoja mmoja au walihamia kwa watoto wao, nyumba zao zikapangishwa kwa wageni, na ikawa akibisha hodi anasikia redio ikipunguzwa sauti ndani, na siku moja mtoto akachungulia na kumwambia, shikamoo bibi, mama anasema hayupo. Scola aliisukuma bahasha chini ya mlango akaondoka, akaamini kwamba mtaa umemchoka, wala hakumwuliza mtu, kwa maana hakuwa mtu wa kuuliza, na miaka ikapita hivyo.

Mwaka 2018, mwezi Juni, upepo wa baridi ukivuma kama mnavyoujua, alimpelekea kadi bwana Nyanda wa Kasense, mfugaji aliyekuwa akimletea maziwa, ambaye mke wake Mboje alikuwa amejifungua. Bwana Nyanda aliitia bahasha mfukoni mwa koti bila kuifungua, akamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma chake, akamwambia, mwezi huu mkono mtupu, nitachanga ukiandama mwingine, ila niambie, unaoza nani tena, wewe ambaye mwanao ni mmoja na ana mke? Scola akamwambia aifungue. Aliifungua, akakuta ulezi na jina la mtoto wake, akacheka mpaka kidumu cha maziwa kikamponyoka, kisha akamweleza kwamba Katandala nzima wanamwita Mama Michango, na kwamba wakiiona tu ile bahasha nyeupe wanajua ni kadi ya mchango wa harusi au ya mahafali, kwa hiyo wanazima redio na kuingia uvunguni, na zinazosukumwa chini ya mlango hawazifungui. Alimsimulia kama kichekesho. Scola alimpa chai, akamsindikiza mpaka barabarani, aliporudi akakaa kwenye kiti chake, na hakuwasha taa.

Tangu siku hiyo aliacha bahasha, akawa anapita mtaani ameshika kadi iliyo wazi kwa mikono miwili, kila mtu aione. Wengine walicheka, wengine walikuwa wamekwisha kuzoea kumfungia milango. Aliyefungua ni mama Adela, fundi cherehani mpangaji, na ni yeye aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano Jumamosi, mikono ya Scola ilipoanza kutetemeka mwaka 2023.

Ugonjwa wa moyo ulimzidi mwezi Mei mwaka huu, akalazwa, na tarehe 17 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wastaafu wenzake wa ofisini, mama Adela, bwana Nyanda na mama Mboje. Inawashukuru pia majirani wa Katandala, maana tangu juzi mmefungua nyumba zenu kuwalaza wageni wetu, mkatandika mikeka mpaka sebuleni, na kila tulipobisha hodi tuliambiwa karibu kabla hatujamaliza kusema. Mmetutendea wema, nasi tumeupokea. Scola angeupenda sana.

Dada yetu, amani ya Bwana iwe mapumziko yako.