Nane na Nusu ya Papa Pierre-Claver

Mheshimiwa Mwenyekiti wa umoja wetu, Mama Irene, Baba Mchungaji, Mama Marie-Louise, mke wa mstaafu wetu, uliyevumilia mashuka yenye grisi kwa miaka ishirini na mbili, ndugu wateja, mliofika kwa magari tuliyowatengenezea, na ninyi wengine mliofika kwa taxi, mabibi na mabwana, habari za mchana.

Mimi ni Scola. Nimepewa dakika tano za kumuaga fundi mwenzangu, Papa Pierre-Claver, ambaye leo anaacha ufundi wa injini katika gereji yetu ya Mobeni. Ameniomba nisiseme mabaya yake. Nimemwitikia, ila kuitikia si kukubali.

Kwa msioijua kazi yetu: ndani ya injini, hewa na petroli hubanwa kabla ya kuwashwa, na kubanwa huko ndiko tunakoita kompresheni. Ukibana sana, gari linapata nguvu. Lakini ukifunga turbo, ambayo kazi yake ni kusukumia hewa ya ziada, mambo yanageuka. Ukibana mno, petroli inajiwakia kabla ya zamu yake, injini inagonga, na pistoni inatoboka. Ukibana kidogo mno, gari linasinzia kwenye robot, yaani taa za barabarani, mpaka turbo iamke. Je, ubane mara ngapi? Hapo ndipo mafundi huacha kusalimiana.

Papa alijifunza kazi Lubumbashi, mji ulio juu, wenye hewa nyepesi. Alipofika hapa Durban akaunda injini yake ya kwanza ya turbo, ya Mzee Sultan wa Bluff, kwa kipimo alichokizoea nyumbani: mara tisa na nusu. Nani angemwambia kwamba huku chini, kando ya bahari, hewa ni nzito na turbo inaimeza yote? Injini ile ilidumu Jumanne na Jumatano. Miaka yote Papa ametuambia kosa lilikuwa petroli mbovu, na Mzee Sultan, kwa uungwana wake, hajawahi kubisha. Mzee wangu, leo unaruhusiwa kubisha.

Tangu hapo Papa akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: 8.5. Ikawa sheria kwa kila gari la turbo, liwe la harusi au la kubeba mchanga.

Mwaka huu akaja Achille, anayebeba mboga kutoka Pietermaritzburg, akilalamika kwamba bakkie lake, yaani pikapu, linalala kwenye kila mlima. Mimi nikasema tisa na nusu, maana siku hizi kompyuta ya injini inajua kuchelewesha cheche. Papa akasema nane na nusu. Tulibishana wiki sita, mpaka Mama Marie-Louise akakataza neno kompresheni mezani kwake. Mwishowe Papa akaniambia, "Scola, fanya yako. Ikipanda Field's Hill na muzigo bila kugonga, gereji iko yako. Ikigonga, mi nauzisha."

Tukapanda. Papa alivua kofia, akaegemeza sikio kwenye dashibodi kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Haikugonga. Akataka turudie, nayo haikugonga. Pale juu akasema, Achille akiwa shahidi, "Tisa na nusu iko sawa. Mi nilikosea." Mtu ambaye hakuwahi kukosea tangu enzi za petroli mbovu.

Ndiyo maana funguo za gereji ziko pale mezani, na mnangoja nikabidhiwe. Basi, Papa, nisikilize vizuri. Haikuwa tisa na nusu. Siku moja kabla ya jaribio niliingiwa na woga. Nikafungua silinda hedi, kile kifuniko cha injini, nikaweka chini yake gasketi nene zaidi ili hewa ipate nafasi, kompresheni ikashuka hadi tisa kamili. Kisha nikakaa kimya, nikakuacha ukiri kosa ambalo huenda hukulifanya. Tisa na nusu ingegonga? Sijui, na wewe hujui. Miezi mitatu umekuwa ukiwasimulia wateja kwamba binti yako amekushinda, na kila mara nimeona aibu, kwa sababu nakupenda kama baba. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nimejivua mwenyewe, mbele ya Mchungaji.

Ndugu wageni waalikwa, naomba msipige makofi kwanza. Papa, funguo ziko mbele yako. Ukinipa, nitazipokea kwa mikono miwili. Ukizirudisha mfukoni, sitanung'unika. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa pale mlangoni nikikusubiri ufungue, maana kuna injini ya turbo iko wazi juu ya meza, bado hatujaichagulia kompresheni, na safari hii nataka kipimo ushike wewe.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Nimemaliza.