Miiba ya Ngege Katika Sanduku la Mchanga

Ndugu zangu, mimi niliweka miiba ya samaki kwenye mchanga wa mtoto asiyeona, mchanga aliokuwa akiusoma kwa kidole. Nilitaka darasa licheke. Nimeanza na hilo ili anayetaka kuondoka aondoke mapema, mlango uko wazi. Jumapili iliyopita baba mmoja aliungama hapa kanisani kwamba aliwahi kuiba mihogo, na akina mama wakalia. Mimi nilisema moyoni: mihogo! Ngojeni zamu yangu.

Nimeambiwa niandike kwanza ndipo nisome, kwa sababu nikiachiwa mdomo nitawachekesha. Na nitumie Kiswahili, ili ndugu zetu wa reli wasiojua Kijaluo waelewe. Majina sitataja.

Tulikuwa darasa la tatu. Huyo rafiki yangu, ugonjwa ulimharibia macho akiwa bado ananyonya. Aliona mwanga na giza, basi. Aliishi na nyanya yake hapa Kaloleni, karibu na kwetu. Mnajua watoto wa darasa la kwanza huandika herufi nje, mchangani, kwa kidole. Huko alitushinda wote. Sisi tuliutazama mchanga, yeye aliugusa, na herufi zikamwingia. Shida ilianza tulipopewa vibao na chaki. Chaki huwezi kuisoma kwa kidole. Hedimasta akasema mtoto huyu amefika mwisho wake, arudi nyumbani.

Mwalimu wetu alikataa. Aliomba sanduku la majani chai kwa Mhindi mwenye duka, akalikata likawa fupi kama sinia, kisha akanigeukia mimi.

"Wewe mwenye kelele. Kila asubuhi utaleta mchanga wa ziwani, uwe umelowa. Nikiandika ubaoni, wewe unaandika sandukuni."

Ilikuwa adhabu, lakini ilifanya kazi. Mchanga mkavu hubomoka. Uliolowa hushika herufi vizuri. Mimi nilichimba herufi, yeye akapitisha kidole cha kwanza cha mkono wa kulia, akasoma kwa sauti kabla wenye macho hawajamaliza.

Basi wavulana wakaanza. "Yaya wa kipofu! Omera, ndugu yetu, mtoto wako ameshakojoa?" Mimi niliyezoea kucheka watu, sasa nikawa nachekwa mimi. Nikatafuta mchezo wa kunirudishia heshima yangu.

Mama yangu hukaanga samaki wa kuuza. Kila ngege, samaki wetu wa ziwani, humkata pezi la mgongoni, lile lenye miiba, akalitia katika kopo. Jioni moja niliyachukua mapezi yote yaliyokuwamo. Asubuhi nikaisimamisha miiba mitano chini ya neno la kwanza, nikaifunika, nikawakonyeza wenzangu.

Alibonyeza kidole. Hakupiga kelele. Alikivuta, akakilamba, akasema, "Leo mchanga una meno." Kisha akalisoma neno hadi mwisho. Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Siku ya nne kidole kilikuwa kama ndizi iliyoiva. Nyanya yake alikifunga majani. Walipomfikisha hospitali usaha ulikuwa umeingia kiganjani, na daktari akakikata kidole chote. Kidole kile kile. Nawaambia, mtu mwingine akikatwa kidole amepoteza kidole. Huyu alipoteza kitabu, ubao na shule, vyote siku moja.

Hedimasta akasema ni uchafu wa mchanga. Sanduku likatupwa nyuma ya choo. Mwalimu akaambiwa atajibu mbele ya kamati ya shule, na huenda angehamishwa, kwa kulazimisha masomo kwa mtoto asiyefaa. Wale niliowakonyeza walitazama viatu ambavyo hawakuwa navyo. Mimi nilinyamaza. Nilikula, nililala, nilinyamaza. Hata vichekesho vyangu vilikuwa vinatoka vimeoza.

Ijumaa, kesho yake ikiwa siku ya kamati, mama alinipa sahani ya samaki. "Mpelekee yule mtoto. Mikono yangu ina mafuta."

Nilimkuta mlangoni kwao akisokota kamba ya mkonge. Ndiyo kazi aliyokuwa ameshapewa, labda ya maisha.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Niandikie jina langu hapa chini. Nijaribu na huu mkono wa kushoto."

Nikaandika kwenye vumbi. Ndugu zangu, hakuleta kidole. Alileta kiganja kwanza. Alipapasa vumbi lote polepole, huku na huku, kama mtu anayetafuta nyoka kitandani. Ndipo akashusha kidole. Mtoto ambaye hakuwahi kuogopa kusoma, alikuwa anaogopa jina lake mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyeiweka ile miiba," nikasema.

Aliendelea kusokota kamba mpaka samaki wakapoa.

"Sijakusamehe," akasema. "Andika lingine."

Jumamosi nilisimama mbele ya kamati nikasema yote. Hedimasta alinipiga viboko sita palepale. Lakini nyanya yake, aliyekuwa amekaa chini karibu na mlango, aliniuliza swali moja tu.

"Mlicheka?"

"Hapana, nyanya."

"Kumbe hata kicheko hamkupata."

Ningechagua viboko vingine sita.

Mwalimu alibaki. Sanduku lilirudi, na kila asubuhi niliuchekecha mchanga, nikaupitisha mkononi mwangu wote kabla yeye hajaugusa. Kwa mkono wa kushoto alisoma polepole kama mtu anayepanda mlima wa Riat na mzigo. Ulipofika mtihani wa darasa la nne, wakasema hakuna utaratibu wa mtu kujibu kwa mdomo. Mimi nilipita, sasa niko darasa la tano. Yeye yuko darasa lile lile hadi leo, na jioni naenda kumwandikia. Mwalimu ametuma barua kuomba aulizwe kwa mdomo, jibu halijaja. Kwa hiyo msianze kuimba.

Namshukuru mwalimu, ambaye hakuniondoa kwenye kazi ile nilipostahili kuondolewa. Namshukuru nyanya, ambaye bado hanikaribishi chai lakini mlango hafungi. Namshukuru rafiki yangu, ambaye hajanisamehe na bado ananiambia niandike. Na nyinyi wenye watoto shuleni, mtoto wa namna hii akikaa na wenu, msimlilie, na msimfanye mchezo. Muulizeni anasomaje. Kisha pitisheni mkono wenu kwanza.

Jumamosi ile nilirudi nyumbani siwezi kukaa, kwa sababu mnazozijua. Mama alikuwa anakaanga. Hakugeuka. Alisema kwa Kijaluo, nami nawaletea neno kwa neno:

"Kopo la mapezi hulimwaga mimi mwenyewe kila jioni. Siku ile nililikuta tupu. Kidole cha yule mtoto kilipovimba, nikajua. Nilikuwa nangoja nione kama nilizaa mtu."